Kucha Saba Zenye Mawimbi, Tatu Laini

Ijumaa moja ya Desemba, saa mbili asubuhi, bi harusi aliingia saluni kwangu Chikongola, Mtwara, akiwa na somo yake, yaani kungwi wake, mikono kaificha ndani ya mtandio. Harusi ilikuwa kesho yake baada ya alasiri. Alikaa, akaiweka mikono juu ya meza, hakusema neno. Aliyesema ni somo: "Mwanangu, kucha gani hizi zenye migongo kama bati la paa?"

Nilimwamkia kwanza, kisha nikaishika ile mikono na kuanza kuangalia. Somo alikuwa na haki ya kulalamika.

Kazi ile ya kubandika kucha za bandia za akriliki sikuifanya mimi. Alhamisi nilikuwa Mikindani nampamba bi harusi mwingine, na msimu ule wa harusi, fedha za korosho zikiwa zimeshaingia mikononi, mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Saluni nilimwachia mwanafunzi wangu, binti aliyekuwa na miezi mitano mezani kwangu. Mkono wake ni mzuri na ana subira. Nalisema hili mapema kwa sababu njia rahisi ilikuwa kumgombeza binti, kubandua kucha zote, kubandika upya na kumaliza. Tungefanya hivyo, tusingejua kamwe kilichotokea, na wiki iliyofuata kingetokea tena.

Mimi ulaini wa ukucha siukagui kwa kidole. Naukagua kwa mwanga. Mteja anakaa upande wa dirisha, nageuza kidole chake polepole mpaka weupe wa dirisha ulale juu ya ukucha kama mstari, kutoka kwenye shina hadi ncha. Mstari ukipita umenyooka, kazi ni safi. Ukikatika au ukipinda, pale pana bonde au kilima, hata kama kidole hakikioni. Na rangi ya juu ya kung'arisha haifichi kitu hapo, inazidi kukitangaza. Mafundi wengi hudhani mng'ao utafunika kosa. Mng'ao ni kioo.

Kwa bi harusi yule, kucha tano za mkono wa kulia zote zilikuwa na mawimbi. Mkono wa kushoto, gumba na kidole cha shahada vilikuwa hivyohivyo. Chini ya rangi niliona vipovu vidogo, na kwenye kucha mbili palikuwa na mabaka meupe, kama unga ambao haukuiva. Ukucha wa shahada ya kulia ulikuwa na ufa pale tipsi, kile kipande cha plastiki cha kurefushia ukucha, inapokutana na ukucha wenyewe. Lakini vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, cha kati, cha pete na kidogo, mstari wa mwanga ulipita umenyooka kama uzi. Kasoro pekee ilikuwa kwenye kile kidogo, ambacho kilikuwa kimeanza kuachia upande wa shina, na cha pete kidogo tu pembeni.

Akriliki ni unga unaochanganywa na kimiminika chake, ambacho sisi mafundi tunakiita maji, ingawa si maji ya kunywa. Fundi mmoja, chupa moja ya maji, kopo moja la unga, mkao mmoja. Saba vibaya, vitatu vizuri. Hapo ndipo nilipokataa kubandua haraka.

Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Binti alishitaki unga. Jirani yangu wa saluni ya pili, aliyekuja kuchungulia, alishitaki joto, kwamba Mtwara wakati wa kaskazi akriliki haikubali. Mimi moyoni nilishitaki maji, na nilikuwa na sababu ya kujishitaki mwenyewe pamoja nayo. Wiki ile chupa yangu ya kawaida ilikuwa imekwisha, mzigo kutoka Kariakoo haujafika, nikanunua maji ya kupimiwa, chupa ndogo isiyo na nembo. Nilijua haifai kufanya hivyo. Maji mazuri ya akriliki hutengenezwa kwa kemikali iitwayo ethili methakrilati. Kuna ya bei rahisi, methili methakrilati, ambayo Marekani ilianza kuichukulia hatua kwenye bidhaa za kucha tangu miaka ya 1970, baada ya watu kulalamika kuumia. Hiyo inakauka ngumu kupita kiasi. Ukucha ukijigonga mahali, akriliki haivunjiki, inang'oka na ukucha wako. Na kuitoa kwa asetoni, ile dawa ya kulainishia kucha za bandia zitoke, ni shida kubwa.

Somo naye hofu yake ilikuwa hukohuko, ila aliifikia kwa njia nyingine. Aliuliza vitu viwili: je, hii si sumu, na je, itatoka vipi? Maana kucha ile haipitishi maji ya udhu, na yeye alikuwa ameshapatana na mwari wake kwamba Jumatatu zinatoka. La kwanza nilimjibu kwa meno. Ufizi wa bandia wanaovaa wazee wenye meno ya kuvua na kuvaa ni wa ukoo uleule wa akriliki, na kucha hizi zenyewe historia yake inaanzia kwa daktari wa meno wa Marekani, Fred Slack, ambaye mwaka 1954 alivunjika ukucha akautengeneza kwa vifaa vya kazi yake. Ikishakauka haina neno. Hatari iko kwenye ubichi wake. Ikigusa ngozi mara kwa mara kabla haijakauka inaweza kuleta mzio, na mzio ule ukishaingia mwilini hautoki, hata siku utakapohitaji matibabu ya meno yenye akriliki utakusumbua. Kwa hiyo fundi anayemwaga unga kwenye ngozi ya mteja hakosei urembo tu.

La pili nililijibu kwa kujaribu mbele yake. Nilikata kipande cha ile shahada iliyopasuka, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha kioo chenye asetoni na kukifunika. Kilipofika dakika ya ishirini kilikuwa kimelainika na kunata kama ulimbo. Harufu ya maji pia ilikuwa ileile niliyoizoea. Somo aliridhika, na mimi nilishusha pumzi. Maji ya kupimiwa yaliponea, lakini sijayanunua tena.

Basi ikabaki hesabu. Nilimwomba binti anieleze alianza kidole gani na kumaliza kipi, bila kuruka. Alianza kulia, kidole kidogo kwenda gumba. Akaja kushoto, gumba, kisha shahada. "Hapo umeme ukakatika," akasema. "Ikabidi tungojee kidogo, nikasogeza meza dirishani, ndiyo nikamalizia vile vitatu."

Vile vitatu! Kucha saba zilitengenezwa umeme ukiwapo, tatu zilitengenezwa bila umeme, kwa mwanga wa dirisha na jasho. Zilizotengenezwa kwa shida ndizo zilizonyooka. Nikageuka kuangalia mahali pake pa kazi, na jibu lilikuwa limesimama pale kwenye mguu wake mmoja: feni. Binti alikuwa ameielekeza moja kwa moja juu ya meza, kwa wema kabisa, ili bi harusi asitoke jasho.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mafundi wengi wa ukanda wetu wakifanya hivi na kulaumu unga.

Akriliki si rangi inayokauka kwa upepo. Unga una chembe ndogo za plastiki iliyokwisha kuiva, na ndani yake mna kiwashio kinachoitwa benzoili peroksaidi. Maji ndiyo mabichi, na yana kichocheo chake. Vikikutana, kiwashio kinaamka, na maji yanaanza kujifunga yenyewe kwa yenyewe kuwa minyororo inayozizunguka zile chembe, kama saruji inavyozishika kokoto. Maji ndiyo saruji. Yakipungua, kokoto zinabaki zimesimama zenyewe, na hayo ndiyo mabaka meupe. Sasa maji haya ni mepesi kuruka hewani, ndiyo maana harufu yake inajaza chumba mara ukifungua chupa. Feni ikipuliza juu ya kikombe, juu ya brashi na juu ya tonge la unga na maji lililolala kwenye ukucha, inayaiba maji kabla hayajafanya kazi.

Sikutaka binti aamini kwa maneno. Nilibandika tipsi mbili kwenye ukingo wa meza. Umeme ulikuwapo. Nikachota tonge, nikaliweka kwenye tipsi ya kwanza chini ya feni, tukalitazama wote wanne. Kabla sijafika tano kwa kuhesabu taratibu, lile tonge lilipoteza unyevu juu na kufunga utando, kama uji uliopoa kwenye bakuli. Nikalibonyeza kwa brashi. Utando ulijikunja makunyanzi, chini yake bado laini. Nikapitisha brashi kulainisha, makunyanzi yakawa mawimbi, na pale brashi ilipovuta, hewa iliingia ikabaki humo kama vipovu. Kisha nikazima feni, nikachota tonge la ukubwa uleule. Lilikaa, likang'aa, likajishusha lenyewe pole pole hadi likawa kama tone la asali. Bi harusi ndiye aliyesema, "Kumbe linajilainisha lenyewe." Ndiyo. Unga uliochanganywa vizuri na kuachwa utulie unajisawazisha. Kazi ya brashi ni kuuelekeza tu.

Jirani yangu hakukosea kabisa kuhusu joto. Chumba cha nyuzi 31 au 32 kinaharakisha kazi hii, na akriliki imetengenezwa ikitegemea chumba cha nyuzi 20 na kitu. Lakini joto linakupunguzia muda tu, na dawa yake ni kuchota tonge dogo zaidi na kutozurura. Joto halinyang'anyi maji namna feni inavyonyang'anya. Ushahidi ulikuwa vile vidole vitatu, vilivyotengenezwa wakati chumba kikiwa cha moto kuliko saa zote za siku ile.

Kulikuwa na lile la kidole kidogo kuachia. Nilidhani ni singo, ile dawa ya kusugulia mwili wa bi harusi, maana alikuwa amesingwa Jumatano, na mafuta ya singo yakibaki kwenye kucha akriliki haishiki. Lakini binti alikuwa amesafisha kucha zote kumi, akazisugua mng'ao wake kwa msasa laini, akazikausha na kupaka praima, ile dawa ya kuifanya akriliki ishike. Ingekuwa singo, zingeachia nyingi. Nikamwuliza bi harusi alifanya nini umeme ulipokatika. Akasema alikaa tu, joto kali, na huku akisema akajipangusa paji la uso kwa mgongo wa vidole vya mkono wa kushoto. Alifanya bila kujua. Kidole kidogo na cha pete ndivyo vilivyogusa ngozi. Somo akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kucha zilikuwa zimeshaandaliwa tayari, zikapata jasho na mafuta ya uso, na binti hakuzisafisha tena kabla ya kuweka unga.

Nikawa na deni moja bado, la ufa wa shahada. Binti alieleza kwa sauti ndogo: alipoona mawimbi alichukua msasa mkali wa namba 100 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) na kuyasawazisha. Mawimbi yakapungua kidogo, lakini vilima vikisuguliwa hadi usawa wa mabonde, mgongo wa ukucha unaondoka. Ukucha wa akriliki hauna unene sawasawa kote. Unakuwa mwembamba kwenye shina, mwembamba kwenye ncha, na mnene kidogo pale katikati ambapo tipsi inaungana na ukucha, kwa sababu pale ndipo mzigo unapoangukia ukifungua mlango au ukiinua ndoo. Ukikagua kwa pembeni uone mgongo wenye kupanda na kushuka taratibu. Shahada ile ilikuwa bapa kama kijiti cha aiskrimu. Lazima ingepasuka.

Tulikuwa na saa chache. Niliamua hivi: shahada ya kulia na kidole kidogo cha kushoto zinatoka kabisa. Sita zenye mawimbi zinasuguliwa kidogo tu kuondoa rangi na ule utando dhaifu, kisha zinapata tabaka jipya. Cha pete nilikata kile kipande kilichoachia na kujaza. Cha kati kilibaki kama kilivyo isipokuwa rangi. Feni tuliihamisha ikakaa sakafuni nyuma ya meza, imetazama mlango. Kuizima moja kwa moja nisingeweza, na sikushauri, maana mvuke wa maji haya ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutanda chini, na fundi anauvuta kutwa nzima. Feni ivute hewa itoke nje, isipulize mezani. Chupa ya maji niliifunga na kuisimamisha ndani ya ndoo ndogo yenye maji ya mtungi, na kwenye kikombe nikamimina kidogo tu. Yanayobaki kikombeni hayarudishwi kwenye chupa, kwa sababu yameshaingiwa na chembe za unga zenye kiwashio, yataifanya chupa nzima ianze kuganda.

Kisha nikampa binti brashi, nikakaa pembeni yake. Ningeifanya mimi, angeondoka pale akijua kwamba anafaa kwa kufagia tu.

Alizamisha brashi yote, akaibonyeza chini ya kikombe hadi hewa ikaisha, akaifuta upande mmoja kwenye ukingo. Ncha ikagusa unga, akaivuta kidogo kuelekea kwake. Tonge likakua kwenye ncha kama punje ya kunde. "Usiliweke bado," nikamwambia. "Liangalie." Juu palikuwa na vumbi la unga. Tukangoja. Vumbi likanywa maji, sura yake ikawa kama ganda la chungwa, kisha ikang'aa. "Sasa." Kipimo cha tonge la kati ni karibu maji moja na nusu kwa unga mmoja, lakini hakuna anayepima mezani, macho ndiyo yanayopima. Likibaki na vumbi, ni kavu. Likizungukwa na pete ya maji linapogusa ukucha, ni bichi mno, litakimbilia kwenye ngozi na baadaye litasinyaa na kuachia.

Tonge la kwanza alilikalisha kwenye tipsi. Akataka kulipaka mara moja, kama mtu apakaye rangi. Nikamshika mkono. Tukahesabu hadi tano, likashuka lenyewe. Ndipo akalibonyeza katikati kwa tumbo la brashi, akalisukuma kulia, akalisukuma kushoto, akamaliza kwa kuvuta moja nyepesi kuelekea ncha. Akafuta brashi kwenye taulo. La pili, kubwa kuliko yote, likakaa pale kwenye maungio, na hilo ndilo linalojenga mgongo. La tatu dogo kama mbegu ya ufuta karibu na shina, huku akiacha uwazi mwembamba usioguswa kati yake na ngozi, akalisogeza kwa ncha ya brashi likayeyukia ndani ya la pili. Kila mpaka wa tonge na tonge ulifungwa lile la kwanza likiwa bado halijashika. Akichelewa hapo panabaki tuta. Mara mbili alitaka kuchovya brashi kwenye maji ili alainishe juu, nikamkataza. Maji ya kuongeza juu yanaleta mng'ao wa uongo na uso dhaifu.

Kwenye ukucha wa nne nilinyamaza. Hakuwa ananihitaji.

Zilipogongwa kwa mpini wa brashi zikalia tik, ngumu, ndipo akashika msasa. Wa 180 juu, mara chache, akifuata mgongo, wa 100 pembeni tu. Kisha wa 240 hadi mikwaruzo ikapotea. Vumbi lililotoka lilikuwa kidogo sana, na hilo ndilo ninalolitazama mimi kwa fundi. Tukamgeuza bi harusi dirishani. Mwanga ukapita kwenye kucha zote kumi. Somo alivaa miwani yake, akashika mkono wa mwari wake, akaugeuza mwenyewe vile nilivyogeuza mimi, kidole kimoja kimoja.

Jumatatu tulikwenda nyumbani kwao kuzitoa, mimi na binti. Tukapunguza juu kwa msasa, pamba yenye asetoni, karatasi ya alumini, dakika ishirini na kidogo kwa kila mkono. Akriliki ikatoka kwa kijiti cha mti wa mchungwa bila kukwaruza. Tulipofika shahada ya kulia, juu ya ukucha wake wa asili, karibu na shina, palikuwa na mstari mwekundu uliopinda, mwembamba, pale msasa wa 100 ulipopita akriliki na kula ukucha siku ile ya Alhamisi. Ukucha wa kidole cha mkono hukua karibu milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo mstari ule utamchukua bi harusi miezi mitano au sita hadi ufike ncha na kukatwa. Nilimweleza hivyo, nikamwomba radhi, nikamwambia asibandike kitu juu yake kwa sasa. Binti hakusema kitu. Alichukua mafuta ya nazi, akaweka tone moja kwenye kile kidole, akalisugua pole pole kuuzunguka ule mstari, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.